Mtungi wa Beti Nne

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka vizuri maishani si ya mtu. Ni sauti ya mtungi wa plastiki wa manjano, wa lita ishirini, ukijazwa kwenye bomba la chemchemi yetu. Maji yakianza kuingia, mtungi hutoa sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. Yakipanda, sauti nayo hupanda, inazidi kuwa nyembamba, na yakifika shingoni inalia kama filimbi, na hapo ujue kinachofuata ni kulowa miguu. Wanawake wa kwetu hawakuwa na haja ya kuchungulia. Walipiga gumzo wakiwa wameupa mtungi mgongo, na sauti ikifika juu mkono ulijinyoosha wenyewe kuuondoa. Miaka mingi baadaye nilisoma mahali kwamba kinachoimba pale si maji bali hewa iliyobaki juu yake. Chumba chake kikipungua, sauti hupanda. Nilifurahi siku nzima, nikamweleza kila mteja aliyeingia dukani kwangu, na wawili kati yao wakasahau walichokuja kufuata. Babu yangu, ambaye kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, tulimwita Sokoro, hakuhitaji kitabu. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na akipita chemchemi alitega sikio na kusema kwa noti za do-re-mi, "Umefika so. Bado la, bado ti." Wala hakukosea.

Kwetu ni nyuma ya Birongo, kwenye mteremko ambapo migomba imebanana hadi ukingoni mwa njia na majani chai yamechukua sehemu iliyobaki. Nililelewa na Sokoro na bibi yangu, Magokoro. Mama yangu aliuza mitumba katika soko la Daraja Mbili, Kisii, akaishi katika chumba cha kupanga mjini, na alikuja nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijatua, kwa sababu sisi ni watu wa Sabato na Sabato yetu huanza jua likizama. Kwa Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Insha yangu ya kwanza ya Kiswahili ilisema kwamba baba yangu huvaa gauni la maua na kwamba alininyonyesha miaka miwili. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima, na kwa muhula mzima nilisalimiwa kwa jina la gauni. Nililia, lakini nilipata funzo ambalo halijanitoka: neno moja laweza kuwa kweli nyumbani na uongo shuleni, na kabla hujabishana na mtu, hakikisheni mnasema kitu kimoja.

Nilikuwa mtoto wa kuokota vitu. Nilikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa hazina zangu: sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, vipande vya mawe laini ya sabuni, yale ya kuchongea vinyago, ambavyo mjomba alinitolea Tabaka, makombe ya konokono, na kioo kimoja cha miwani ya zamani ya Magokoro. Kwa sumaku hiyo nilikuwa nikifuata mtaro wa barabara ya murram baada ya mvua, nikivuta mchanga mweusi unaojikusanya pale, chuma halisi, bure, na watu wakiukanyaga. Kwa kioo nilitoboa kitambaa cha meza cha Magokoro ndani ya dakika tatu za jua la mchana, na nikachapwa kwa muda mrefu kuliko huo. Sikujuta. Hadi leo naamini kwamba mtoto ambaye hajaunguza chochote kwa kioo bado hajaanza kusoma, na akina mama wakiniletea watoto niwapime sare huwaambia hivyo, nao huniangalia kwa shaka.

Juu kidogo ya chemchemi palikuwa na mikaratusi. Sokoro aliipanda wiki niliyozaliwa, mistari minne, na kila mstari aliupa jina: Kidato cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu na cha Nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa karo yangu ya sekondari. Mama alikuwa na mitumba, lakini mitumba ilitulisha tu. Miti ndiyo ingenisomesha. Sokoro alikuwa akipita katikati ya mistari hiyo akipiga mashina kofi, akisema, "Huyu wa Kidato cha Pili ni mvivu, anapinda." Nami nilikuwa nimeshajua nataka kusoma wapi. Darasa letu liliwahi kuzuru shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Nyamira, na kwenye maabara yao nilichungulia hadubini nikaona ngozi ya kitunguu. Vyumba, vyumba, vyumba, vimepangwa kwa mstari, na katika kila chumba doa moja. Nilitolewa pale kwa kuvutwa sweta. Nilimweleza Sokoro jioni ile hadi uji ukapoa, naye tangu siku hiyo akawa anaiita "ile darubini yako", na nilikata tamaa ya kumsahihisha.

Msimu ninaotaka kuueleza ni kiangazi cha mwaka nilioingia darasa la saba. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mwalimu Nyanchama, mwanamke mfupi wa Nyamache, Mkatoliki, mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira. Alituambia kwamba sayansi si kukariri, sayansi ni kupima, na kila mmoja achague kitu kimoja nyumbani akipime kila siku hadi mwisho wa muhula. Wengine walipima urefu wa maharagwe. Mimi nilichagua chemchemi: mtungi wetu unachukua muda gani kujaa? Tatizo ni kwamba nyumbani hapakuwa na saa. Simu ilikuwa ya mama na iliondoka naye, na saa ya mkono ya Sokoro ilikuwa imesimama tangu sijazaliwa. Aliivaa kwenda kanisani kwa heshima tu. Kwa hiyo nilitumia nilichokuwa nacho, wimbo. Tulikuwa na wimbo mmoja wa kitabu cha nyimbo, wenye beti nne na kiitikio kila baada ya ubeti, ambao hata mbuzi wetu nadhani waliujua. Nilitega mtungi, nikaanza kuimba, na mtungi ulipolia ile sauti ya juu niliandika daftarini nimefika wapi. Siku ya kwanza uliandikwa ubeti mmoja na robo.

Kufikia katikati ya Januari niliandika ubeti mmoja na nusu, kisha mbili kasoro, kisha mbili. Nilimpelekea Mwalimu Nyanchama daftari nikiwa nimejaa majivuno. Aliangalia ukurasa, akaangalia nafasi tupu zilizojirudia kila wiki, akauliza, "Bosibori, sasa hii Jumamosi maji huwa haitoki?" Nikamweleza kwamba ni Sabato, na siku ya Sabato hatuteki maji, Magokoro huyateka Ijumaa mchana. Akacheka, akasema maji yenyewe si ya Sabato. Halafu akaacha kucheka. Aliniambia niimbe pale pale mbele ya darasa, kisha nikimbie hadi kwenye lango na kurudi, niimbe tena. Mara ya pili niliimba mbio mbio kama ninafukuzwa na nyuki, na darasa likavunjika mbavu. "Kipimo chako kikipata njaa kinaenda haraka," akasema. "Kikipata baridi kinaenda haraka zaidi. Na hata kama kingekuwa sawa, utajuaje si kiangazi tu? Kiangazi hupunguza kila chemchemi. Rudi ukapime upya." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira ya kupasuka, na hasira hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Nilimwendea Sokoro. Kama kulikuwa na mtu mmoja kati ya Birongo na mbingu ambaye wimbo wake haukuwa na njaa wala baridi, ni yeye. Aliongoza kwaya kwa kijiti cha mti wa kahawa, na kosa moja tu lilimtoa kwenye utulivu wake: watu kuvuta wimbo. Mwanakwaya akikosa sauti, Sokoro alimsamehe. Akisahau maneno, alimkumbusha. Lakini akivuta, akining'inia kwenye neno wakati wenzake wameshaliacha, kijiti kilipigwa mezani. "Msivute! Wimbo si ng'ombe!" Hivyo nikamwomba aje chemchemi kila asubuhi awe ananiimbia. Alikubali kabla sijamaliza kueleza, kwa sababu nilikuwa nimemgusa mahali pa fahari. Kwa habari ya kiangazi, nilipanga tupime chemchemi mbili: yetu, na ile ya ng'ambo ya kilima, iliyokuwa chini ya mikuyu ya zamani na haikuwa na mkaratusi hata mmoja karibu. Kiangazi kile kile, jua lile lile. Sokoro alinitazama nilipotaja mikuyu na mikaratusi katika sentensi moja.

Mwalimu Nyanchama alikuwa amenifundisha pia kipimo cha pili: jiwe kwenye uzi. Ukilining'iniza na kulisukuma kidogo, uzi ukiwa wa urefu ule ule, jiwe hubembea kwa muda ule ule, liwe limesukumwa na mtoto au na chifu. Nilichukua kipande kimoja cha jiwe la sabuni, nikakitoboa kwa msumari, nikakifunga kwa uzi wa katani na kukitundika kwenye tawi la mpera pale chemchemi. Nilihesabu mibembeo kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Ekegusii nane ni "tano na tatu", na kumi na nane ni safari: ikomi na isano na isato, ulimi ukimaliza jiwe limekwisha kwenda na kurudi. Ubeti wa Sokoro pamoja na kiitikio ulikuwa mibembeo ishirini. Siku ya kwanza ishirini, siku ya pili ishirini, siku ya mafua ishirini. Nilimwonyesha, akacheka kwa dharau. "Jiwe lako linajitahidi," akasema, "lakini halijui kuimba."

Basi tulianza. Kila asubuhi isipokuwa Sabato, mzee mmoja aliyevaa koti la mvua na msichana mwenye daftari walisimama mbele ya bomba, mmoja akiimba kwa sauti ya besi na mwingine akitazama jiwe. Baadaye tulipanda kilima na kuimba tena ng'ambo. Majirani walidhani tumepata maono. Magokoro alisema kwamba tangu aolewe hajawahi kuimbiwa asubuhi, na sasa mtungi umeimbiwa mwezi mzima. Chemchemi ya mikuyu ilianza na ubeti mmoja na nusu, na mwezi ulipoisha ilikuwa beti mbili. Yetu ilipita beti mbili, ikapita mbili na nusu, na mwishoni mwa Februari mtungi ulilia katika kiitikio cha ubeti wa tatu. Sikulazimika kueleza. Magokoro alikuwa amekuja kuteka, akasikiliza wimbo hadi mahali ulipofika, kisha akainua macho kwenye mikaratusi ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, iliyosimama pale juu ikinukia dawa ya kifua. "Hiyo miti inakunywa," akasema. Wanawake walishaanza kupanga foleni, na waliokuja mchana walikuta matope bombani.

Ijumaa iliyofuata mama alikuja, na mambo yote yalitoka mezani kati ya ugali na chinsaga, ile mboga chungu yetu. Mama hakutaka kusikia habari ya kukata. Miti ilihitaji miaka miwili zaidi ndipo ifae kuwa nguzo za umeme. Ikikatwa sasa ni fito na kuni, na fito hazisomeshi mtu bwenini. "Huyu ndiye damu yetu," akamwambia Sokoro. "Na damu ni nzito kuliko maji." Nikasema kwamba ndiyo, lakini watu hawanywi damu. Nilistahili kofi na nililipata. Sokoro alisugua ile saa yake iliyosimama. Kisha akasema maneno ambayo sote tuliyachukua kama kiapo, maana kwake neno la Ijumaa baada ya jua kutua lilikuwa na uzito: "Wimbo una beti nne. Siku wimbo utakapoisha kabla ya mtungi kujaa, nitakata. Kabla ya hapo, miti isimame." Mama akaridhika, akiamini haitafika huko. Mimi nililala nikiombea mvua, kwa sababu mvua ingeniokoa na hesabu yangu mwenyewe.

Mvua haikuja. Mtungi ulijaa katika ubeti wa tatu, kisha mwishoni mwa ubeti wa tatu, kisha ndani ya wa nne. Nisidanganye: mkono wangu ulikuwa mzito kuandika. Usiku nilikuwa nikiiona ile ngozi ya kitunguu, na asubuhi nilikuwa nikitazama jiwe. Hakuna aliyenilazimisha, ningeweza kuacha wakati wowote, na Mwalimu Nyanchama alikuwa ameshanipa alama zangu. Lakini nilikuwa nimeanza kitu, na mimi nikianza kitu huwa nakuwa mbaya kuishi nami. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, asubuhi ya ukungu. Sokoro alitega mtungi, akasafisha koo, akaanza. Ubeti wa kwanza, mibembeo ishirini. Wa pili, ishirini. Katika ubeti wa tatu nilifika ishirini na yeye bado alikuwa kwenye kiitikio. Nikadhani nimeruka nambari. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ndipo akamaliza. Kisha ukaja ubeti wa nne, na hapo hata asiye na jiwe angesikia. Alilishika kila neno mkia. Alipumua mahali ambapo hakuna pumzi. Alifumba macho na kuuimba ubeti ule kwa utamu ambao sijausikia tena kanisa lolote, na huku maji yakipanda, so, la, ti, na mtu yule akingojea. Nilihesabu ishirini na saba. Neno lake la mwisho na sauti ya juu ya mtungi zilikutana pamoja, na maji yakamwagika miguuni mwangu. "Unaona?" akasema bila kunitazama. "Umejaa. Wimbo umetosha."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kwetu mtoto hamwambii mzee kwamba amedanganya. Hata neno lenyewe halisemwi mbele yake. Tena huyu alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa amedanganya kwa ajili yangu, akitumia kitu alichokipenda kuliko vyote, na kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Ningenyamaza, ningepata bweni, maabara, hadubini. Niliona yote hayo wazi kabisa. Nilichosema nilikisema chini chini: "Sokoro, umevuta wimbo."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitazama jiwe ambalo lilikuwa bado linabembea, akauliza, "Limesema hilo?" Nikasema, "Limesema. Na mimi nimesikia." Akaketi juu ya ukuta wa saruji wa chemchemi, akavua kofia, akaishika magotini. "Nilitaka ufike kwenye ile darubini yako," akasema, na safari hiyo sikuhisi hamu yoyote ya kumsahihisha. Nililia, naye akaniacha nilie. Kisha akasimama, akamwaga mtungi wote chini, lita ishirini katika kiangazi kile, akautega tena, na akaimba upya. Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Wimbo uliisha. Mtungi ulikuwa umefika la. Tulisimama pale, yeye na mimi, tukisikiliza maji yakimalizia sehemu iliyobaki bila mtu wa kuyaimbia, na jiwe likahesabu nusu ubeti nzima kabla mtungi haujalia. Nilifungua daftari nifute mstari wa kwanza. "Yaaya," akasema, yaani hapana. "Usifute. Andika zote mbili. Andika kwamba hiyo ya kwanza Sokoro alivuta."

Nikaandika. Jumapili msumeno ukaanza kulia, na kufikia Jumatano miti ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ilikuwa imelala kwenye mteremko. Iliuzwa kama fito na kuni. Mama alikuja Ijumaa, akasimama mbele ya visiki, akaniambia, "Umejikata miguu mwenyewe." Na kweli, kukata miti bado hakukuthibitisha kitu. Mvua zilianza muda mfupi baadaye, na chemchemi yoyote hunenepa mvua ikinyesha. Ilitubidi tungoje kiangazi cha mwaka uliofuata, mwaka mzima wa kutojua kama nimefukuza karo yangu bure. Nilipima kila wiki. Februari ilipofika, jua likiwa kali vile vile, Sokoro aliimba na mtungi ukajaa katika ubeti mmoja na robo tatu. Ng'ambo, kwenye mikuyu, beti mbili. Alirudia mara tatu, akanigeukia, akasema, "Sasa funga daftari," nami nikafunga.

Barua ya ile shule ya bweni ilikuja mwisho wa mwaka huo. Nilikuwa nimefaulu. Tuliiweka ndani ya Biblia ya Magokoro na nikaingia shule ya kutwa iliyo karibu, ambako tulisoma kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni. Sitasema kwamba haikuniuma. Kuna asubuhi nilizopita chemchemi nikaitukana. Wanawake walikuwa wakiteka pale bila foleni, wakiniambia, "Bwakire, mwalimu wa maji," habari ya asubuhi, kwa utani na kwa shukrani, nami niliwajibu huku nikitamani wangekuwa na kiu kidogo ili mimi niwe na bweni. Uchoyo huo niliubeba hadi kidato cha tatu, ndipo ukanichosha wenyewe.

Leo nashona sare za shule mjini Kisii. Utepe wa kupimia uko shingoni mwangu tangu asubuhi hadi jioni, na kila mwanzo wa mwaka nashona makoti meupe ya maabara kwa dazeni. Lile la kwanza la kila dazeni hulivaa kidogo mbele ya kioo kabla ya kulipiga pasi. Jumapili husafiri. Nimeenda Tabaka kuona jiwe la sabuni likitoka ardhini likiwa na unyevu, nimeenda ziwani kutazama ndege, na kote huenda na sumaku yangu. Simu yangu inapima hatua zangu, usingizi wangu na hata mapigo ya moyo wangu, na sijui ni nani aliyeiomba. Watu wa siku hizi wana vipimo vingi kuliko sisi tulivyokuwa navyo, na sina ugomvi na vipimo. Ila sijakutana na wengi ambao kipimo kikiwasuta husema, andika zote mbili.

Sokoro alifariki akiwa mzee sana, na kwaya yake ilimzika bila kuvuta neno. Aliniachia chemchemi na visiki. Mkaratusi ukikatwa haufi. Kisiki huchipua, na machipukizi yasipokatwa yanakuwa miti tena. Yeye aliyakata kila likizo hadi mikono ilipomshinda, nikaendelea mimi. Lakini binti yangu sasa anangojea kuingia sekondari ya juu. Anataka sayansi, na shule anayoitaka iko mbali na ina maabara. Miaka minne iliyopita nilipanda mteremko na panga kama kawaida, nikakata mistari mitatu, na wa nne nikauacha. Nilijiambia kwamba mstari mmoja si mistari minne. Nilikuwa nikisema hivyo kila likizo, na kila likizo mashina yalikuwa yamenenepa, na nilikuwa nimeshaanza kuyapiga kofi nikipita.

Februari iliyopita nilishuka chemchemi na mtungi wa manjano. Saa ya simu ilikuwa ikienda mfukoni, lakini mimi bado huimba. Bila wimbo siamini nambari. Nikaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili nilisikia maji yako chini mno, yako so tu, wakati miaka yote mahali hapo mtungi hulia. Nikaendelea kuimba, na kiitikio kikawa kitamu sana, nikakifumbia macho. Nilikuwa nimeshikilia neno moja kwa muda mrefu, maji yakipanda la, yakipanda ti, ndipo nikasikia kile sauti yangu ilichokuwa ikifanya. Hapakuwa na mtu pale wa kuniambia. Mtungi ukalia, nikaunyamazisha kwa mkono, nikaumwaga wote chini, nikaimba upya jinsi nilivyofundishwa. Kisha niliketi juu ya ule ukuta wa saruji, nikaandika nambari zote mbili na kando ya ile ya kwanza nikaandika jina langu, nikarudi nyumbani kutwaa panga, nikapanda kwenye mstari wa Kidato cha Nne.